Mshahara wa Ghuba una tarehe ya mwisho, pesa nayo ipewe tarehe zake

Chukua mkataba wako wa ajira utafute mstari wa mshahara wa msingi. Acha jumla iliyoandikwa chini kwa wino mzito, soma msingi peke yake. Mlinzi wa Dubai anayepokea dirhamu 2,300 kwa mwezi anaweza kukuta msingi wake ni 1,200, na zilizobaki ni posho na muda wa ziada. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inahesabu kiinua mgongo kwa msingi huo: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, na jumla isizidi mshahara wa miaka 2. Gawa 1,200 kwa 30, unapata 40. Zidisha kwa 21, unapata dirhamu 840 kwa mwaka. Akikaa miaka 4 atatoka na 3,360. Aliyekuwa akipiga hesabu kwa 2,300 alikuwa anangoja 6,440, na pengine bati za nyumba ameshaziagiza kwa pesa hiyo.

Naanza na hesabu hii kwa sababu hicho kiinua mgongo ndiyo pensheni yote ambayo Ghuba humpa mgeni. Mifuko ya pensheni ya kule ni ya raia wao. Miaka yako ya Doha au Riyadh haihesabiki NSSF ya Nairobi wala ya Dar es Salaam, isipokuwa uwe unachangia mwenyewe kwa hiari. Kuanzia umri wa miaka 25 mpaka 35, mwenzako aliyebaki nyumbani kwenye ajira rasmi anakatwa mchango kila mwezi. Wewe hukatwi kitu, na huwekewi kitu. Mshahara hauna kodi ya mapato, na hilo ni jambo kubwa. (Oman imepitisha kodi ya 5% itakayoanza 2028, lakini ni kwa mapato yanayozidi rial 42,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wetu haitawagusa.) Ila mshahara huo una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo iko mkononi mwa kampuni, mwa daktari wa vipimo vya viza, mwa bei ya mafuta.

Kwa hiyo ninachoshikilia ni hiki: kila dirhamu ipewe tarehe ya kutumika kabla haijapewa mahali pa kuwekwa. Makosa mengi ya fedha ya watu walio nje hayatokani na kununua kitu kibaya. Kitu chenyewe huwa kizuri, ila tarehe zake hazilingani na za mwenye pesa. Ada ya shule ya Januari imefungwa kwenye kiwanja, na pesa ya uzeeni imelala M-Pesa.

Saudia wana hesabu yao, nayo ina mtego unaostahili kusomwa mara mbili. Kiinua mgongo ni nusu mshahara kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, kisha mshahara mzima kwa kila mwaka unaofuata, na kinachohesabiwa ni mshahara wa mwisho pamoja na posho zake za kawaida. Anayejiuzulu ndiye anayeumia. Kabla ya miaka 2 hapati kitu, kati ya 2 na 5 anapata theluthi moja, akipita 5 anapata theluthi mbili, akifikisha 10 anapata yote. Tuseme mshahara ni riyali 2,000. Akijiuzulu akiwa na miaka 4 na miezi 10, haki yake kamili ni kama 4,833, na theluthi yake ni 1,611. Angevumilia mpaka apite miaka 5 angepata kama 3,333. Miezi miwili imegharimu zaidi ya riyali 1,700. Tena mkataba wa muda maalumu ukiisha kwa tarehe yake na usipohuishwa, huko si kujiuzulu, unastahili kiinua mgongo kizima. Ndiyo maana karatasi unayopewa usaini siku za mwisho isomwe na mtu anayejua Kiarabu: imeandikwa "kuisha kwa mkataba" au "kujiuzulu"?

Wafanyakazi wa majumbani wana kanuni zao tofauti. Saudia ni mshahara wa mwezi 1 baada ya miaka 4 mfululizo. Qatar, kwa sheria ya 2017, ni angalau wiki 3 kwa kila mwaka. Dada anayefanya kazi ya nyumbani Saudia kwa riyali 1,000 asitegemee zaidi ya riyali 1,000 kwa miaka minne. Akiba yake ndiyo kiinua mgongo chake.

Pesa ya karibu kwanza

Turudi kwa yule mlinzi, kwa kuwa hesabu za watu wa kipato chake ndizo huachwa nje ya mafunzo mengi ya uwekezaji. Malazi ni ya kampuni. Chakula, simu na mahitaji madogo vinakula 700. Anatuma nyumbani 800. Zinabaki 800. Kama alikuja kwa mkopo wa kumlipa wakala, hizo 800 zote ziende kwenye deni mpaka liishe, maana hakuna uwekezaji halali utakaomlipa riba anayotozwa na mkopeshaji wa mtaani.

Deni likiisha, inajengwa akiba ya dharura: tiketi ya kurudi, tuseme dirhamu 1,000, na miezi 3 ya matumizi yake na ya nyumbani, yaani 1,500 mara 3. Jumla 5,500. Kwa 800 kwa mwezi ni miezi 7. Katika miezi hiyo 7 asinunue kiwanja wala hisa, asijiunge na mradi wa kuku wa binamu. Najua inavyochosha kuambiwa hivi wakati wenzako chumbani wanaonyeshana picha za misingi ya nyumba. Lakini anayerudishwa ghafla bila akiba huuza kile kiwanja kwa haraka, na mnunuzi anaijua haraka yake.

Akiba hiyo igawanywe. Pesa ya tiketi na ya mwezi mmoja ikae kwenye akaunti ya kule kule, iliyobaki ikae nyumbani kwa jina lako. Sababu ni kwamba benki za Falme za Kiarabu zinaweza kuizuia akaunti mara zinapopata habari kwamba ajira imekwisha, ikiwa mwenye akaunti ana mkopo au kadi ya mkopo. Aliyeweka kila kitu hapo anaweza kukaa wiki nzima akiiona pesa yake kwenye simu bila kuweza kuigusa.

Ipo pia bima ya kukosa kazi iliyoanza Falme za Kiarabu Januari 2023. Mwenye msingi usiozidi dirhamu 16,000 analipa dirhamu 5 kwa mwezi, na baada ya kuchangia miezi 12, akipoteza kazi bila kujiuzulu wala kufukuzwa kwa kosa la nidhamu, anapata 60% ya msingi kwa muda usiozidi miezi 3. Kwa mlinzi wetu ni 720 kwa mwezi. Wafanyakazi wa majumbani hawamo. Mwenye kustahili asiikose, maana kutojisajili kuna faini ya dirhamu 400.

Kule dirishani

Kutuma pesa kuna bei mbili, na risiti huonyesha moja. Ile ya kuonekana ni ada. Ya pili imejificha kwenye kiwango cha kubadilisha. Njia ya kuikamata ni rahisi kwa sababu sarafu nyingi za Ghuba zimefungwa kwenye dola: dirhamu ni 3.6725 kwa dola, riyali ya Saudia ni 3.75, ya Qatar ni 3.64. Tazama kiwango cha dola kwa shilingi siku hiyo, gawa kwa namba hiyo, unapata thamani ya kweli.

Tuseme dola ni shilingi 129.3 za Kenya. Gawa kwa 3.6725, dirhamu ina thamani ya 35.2. Dirishani wanakupa 34.5 na ada ya dirhamu 20. Ukituma 1,000, pengo la kiwango limekula shilingi 700, ambazo ni kama dirhamu 20 nyingine. Umelipa 4% wakati ulidhani unalipa 2%. Ukituma 500 mara mbili kwa mwezi, ada inakuwa 40 na pengo ni lile lile, jumla 6%. Kwa mtu anayetuma 800 kila mwezi, tofauti ya 3% ni dirhamu 288 kwa mwaka, zaidi ya theluthi ya kiinua mgongo chake cha mwaka mzima. Kwa hiyo tuma mara moja kwa mwezi, linganisha sehemu tatu kwa kuuliza swali moja tu: "Nikikupa dirhamu 1,000, nyumbani watapokea shilingi ngapi?" Usiulize ada ni ngapi.

Na pesa ikishafika, isifikie mkono mmoja ili igawanywe. Ada iende shuleni kwa paybill au kwa kontroo namba. Matumizi ya mama yaende kwa mama, kwa tarehe ile ile na kiasi kile kile kila mwezi, ili naye apange. Akiba iende kwenye akaunti ambayo wewe ndiye mwenye saini. Kumpa kaka akushikie akiba ni kumweka mahali pagumu: mtoto wake akiugua, pesa iko mfukoni mwake, na wewe uko mbali. Wengi wanaoambiwa wamekula pesa ya ndugu walikuwa wamebanwa, si wezi.

Pesa ya mwaka mmoja mpaka mitano

Hapa serikali ndiye mkopaji wa kawaida, na taratibu zimerahisishwa. Kenya, Benki Kuu ina DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa kununulia dhamana za serikali, ulioanza 2023. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya mapato) na akaunti ya benki ya Kenya kwa jina lako. Kima cha chini ni shilingi 50,000. Dhamana za muda mfupi ni za siku 91, 182 na 364, na huuzwa kwa punguzo: unalipa kidogo sasa, unapokea kiasi kamili mwishoni. Kwa riba ya 10%, dhamana ya siku 364 yenye thamani ya 100,000 inauzwa kama 90,932. Tofauti ni 9,068, kodi ya zuio ya 15% inachukua kama 1,360, zinakubakia 7,708. Ukitaka ada ya Januari, nunua inayoiva Desemba. Hiyo ndiyo maana ya kuipa pesa tarehe.

Tanzania, Benki Kuu huuza dhamana za muda mfupi kuanzia shilingi 500,000 na hatifungani, yaani dhamana za muda mrefu, za miaka 2 mpaka 25 kuanzia shilingi milioni 1, kupitia benki na mawakala wenye leseni, na riba ya hatifungani hulipwa kila miezi 6. Asiyefikisha kiasi hicho ana vipande vya UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Mfuko wa Ukwasi unafaa kwa akiba ya dharura kwa sababu wewe unaweza kuuza vipande vyako na kupata pesa ndani ya siku chache, ilhali Mfuko wa Hatifungani ni wa pesa inayoweza kukaa. Kenya kazi hiyo inafanywa na mifuko ya soko la fedha iliyosajiliwa na mamlaka ya masoko ya mitaji. Angalia jina la mfuko kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, usiangalie tangazo.

Asiyetaka riba ana njia pia, ingawa bado ni nyembamba: Zanzibar ilizindua sukuk yake (hatifungani isiyo na riba) mwaka 2025, na zipo benki zenye akaunti za mudharaba, yaani za kugawana faida. Akiba ikikaa mwaka ikiwa imefikia nisabu (kima cha chini cha kutolewa zaka), zaka yake ya 2.5% iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, isije ikaonekana kama gharama ya ghafla.

Hatifungani ndefu ina jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Ukikaa nayo mpaka iive, unapata ulichoahidiwa. Ukihitaji pesa kabla, unaiuza sokoni kwa bei ya siku hiyo. Umenunua ya miaka 10 yenye riba ya 12%, muda mfupi baadaye riba za soko zikapanda hadi 15%: yako ya 100,000 itanunuliwa kwa kama 84,700. Hakuna aliyekuibia. Mnunuzi anataka alipwe 15% kama wengine, na njia pekee ni kukupa bei ya chini. Februari 2024 Kenya ilitoa hatifungani ya miundombinu ya miaka 8.5 yenye riba ya 18.46%, watu wakaikimbilia, na waliotumia pesa isiyo na haraka walifanya vyema. Aliyeuza hatifungani zake za zamani siku zile ili aingie kwenye hiyo aliziuza wakati bei yake iko chini kabisa.

Dola na shilingi

Mshahara wako ni dola iliyovaa kanzu. Mwanzoni mwa 2010 dola ilikuwa chini ya shilingi 80 za Kenya, na Januari 2024 ilipita 160. Tanzania ilikuwa kama 1,340, ikafika karibu 2,700 katikati ya 2024. Mtu akiona hivyo husema nitaweka kila kitu kwa dola. Lakini katika miezi michache ya 2024 shilingi ya Kenya ilirudi hadi karibu 130, na aliyekuwa ameshikilia dola za ada ya shule alipoteza karibu moja ya tano bila kununua chochote. Kwa hiyo tarehe ndiyo iamue. Kitakachotumika nyumbani ndani ya miaka 3 kiwe shilingi. Cha miaka 10 na kuendelea, sehemu yake ikae kwenye dola, tena ndani ya kitu kinachokua.

Kwa manesi, mafundi sanifu, wahasibu na wengine wenye ziada ya kutosha, kitu hicho ni mfuko wa faharasa unaonunua hisa za makampuni mengi ya dunia kwa pamoja, kupitia dalali mwenye leseni. Hapa kuna jambo la kodi ambalo limewagharimu familia nyingi za wafanyakazi wa nje. Mfuko uliosajiliwa Marekani unakatwa 30% ya gawio kwa mkazi wa nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, na Kenya, Tanzania na Falme za Kiarabu hazina. Mbaya zaidi, mgeni akifa akiwa na mali iliyohesabiwa kuwa ya Marekani inayozidi dola 60,000, ziada yake inaangukia kodi ya mirathi inayofika 40%. Mfuko unaofuata soko lile lile lakini umesajiliwa Ayalandi hukatwa 15% kwenye gawio la hisa za Marekani ndani ya mfuko, na kodi ile ya mirathi haiugusi. Unautambua kwa namba yake ya utambulisho: inaanza na IE badala ya US. Herufi mbili. Zitazame kabla ya kubonyeza kununua.

Sasa yule kijana mwenye suti anayekuja kwenye kantini ya hospitali na fomu za "mpango wa akiba wa miaka 25". Nakuomba usisaini. Sisemi ni tapeli. Mara nyingi kampuni ni halali. Tatizo liko kwenye ujenzi wa mpango. Kamisheni yake inatoka kwenye michango yako ya miaka ya kwanza. Michango ya miezi 18 au 24 ya mwanzo hufungwa kwenye akaunti ambayo huwezi kuitoa bila adhabu kubwa mpaka mpango uishe, na juu yake kuna ada ya usimamizi, ada ya sera na ada ya mifuko. Viza yako ni ya miaka 2. Vipi usaini ahadi ya miaka 25? Waratibu wa bima wa Falme za Kiarabu walibana kamisheni hizo kuanzia 2020, lakini mipango ya zamani bado ipo, na mipya bado ina adhabu ya kutoka mapema.

Ada hizo zipigiwe hesabu. Dirhamu 500 kwa mwezi kwa miaka 8 ni 48,000 ulizoweka. Zikikua kwa 6% kwa mwaka zinafika kama 61,400. Ada zikila 3%, zinafika kama 54,200. Faida ilikuwa 13,400, imebaki 6,200. Soko halijashuka hata kidogo, na tayari zaidi ya nusu ya faida imeondoka.

Kiwanja na nyumba

Najua hapa ndipo mioyo ilipo. Nyumba nyumbani ni heshima, ni mahali pa kurudi, na sitamwambia mtu asijenge. Nitasema tu kwamba nyumba ya kukaa si uwekezaji wa uzeeni, kwa kuwa hailipi mtu chakula, na kwamba kujenga ukiwa mbali kuna mpangilio wake.

Kwanza kiwanja. Kenya, fanya upekuzi rasmi wa hati kwenye ofisi ya ardhi au Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, ukitumia namba ya kiwanja, na uufanye kupitia wakili uliyemchagua wewe, asiwe wa muuzaji. Mpima mwenye leseni akaonyeshe mawe ya mipaka ardhini, alinganishe na ramani. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, la sivyo mauzo yenyewe yanakuwa batili kisheria hata kama umelipa yote. Ushuru wa stempu ni 4% mjini na 2% mashambani, uwekwe kwenye bajeti. Tanzania, uliza kwanza: kimepimwa? Kina hati, au ni barua ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa? Barua hiyo inathibitisha kwamba watu waliuziana. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa mwenye mali, wala kwamba hapo hapajapangwa kuwa barabara. Nchi zote mbili, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji itakiwe kwa maandishi.

Hati ya uwakala unayompa ndugu iwe na kazi moja iliyotajwa: kununua kiwanja fulani, kwa bei isiyozidi kiasi fulani, na hati itoke kwa jina lako. Iwe na tarehe ya kuisha. Ukimwandikia "mambo yangu yote", umempa uwezo wa kuuza pia.

Kwenye ujenzi, pesa hupotea zaidi kwa kusimama kuliko kwa wizi. Boma lililopandishwa likaachwa misimu miwili ya mvua bila kuezekwa hulowa, chokaa hulegea, nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo hushika kutu. Saruji iliyonunuliwa kwa wingi kwa sababu bei ilikuwa nzuri hupoteza nguvu baada ya miezi kama 3, hata kama haijaganda. Ndiyo maana usianze msingi mpaka pesa ya kufika kwenye paa iwe imekamilika au iko kwenye dhamana zinazoiva kwa kufuatana: moja ya msingi, moja ya kuta na renta, moja ya kupaua. Madirisha, sakafu na rangi vinaweza kungoja mwaka, paa likiwa juu haviharibiki. Mkadiriaji majenzi akuandikie orodha ya vifaa kwa kila hatua, duka la vifaa vya ujenzi lilipwe moja kwa moja kwa orodha hiyo, fundi alipwe kwa hatua iliyokaguliwa. Picha za simu zisikuridhishe. Mlipe mtu wa tatu, asiye ndugu wa fundi, ahesabu mifuko na apime kwa futi.

Ukijenga ya kupangisha Kenya, kodi ya pango la makazi kwa mkazi ni 7.5% ya mapato ghafi tangu Januari 2024, kwa pango la kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Anayehesabiwa si mkazi kikodi hukatwa 30%. Tofauti hiyo inaweza kuufanya mradi mzima usiwe na maana, kwa hiyo uliza hadhi yako kabla ya kuchimba msingi.

Vitu vidogo vinavyofunga milango

Laini ya simu ya nyumbani. Benki, DhowCSD na mifuko vyote hutuma namba za siri kwenye laini hiyo. Isipotumika kwa muda mrefu kampuni huifunga na kumpa mtu mwingine, na kuirejesha unatakiwa uwepo dukani na kitambulisho. Iwekee vocha, washa huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje kabla hujaondoka, tuma ujumbe mmoja kila mwezi.

PIN ya KRA inataka taarifa kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni hata kama huna mapato Kenya. Faini ya kuchelewa ni kuanzia shilingi 2,000 kwa kila mwaka, na miaka sita ya kusahau hugeuka kikwazo siku unayotaka kuhamisha hati. Mtanzania ahakikishe namba ya NIDA, TIN na akaunti ya kuhifadhia dhamana vimekamilika kabla ya kupanda ndege.

Mrithi aandikwe kwenye kila akaunti, na karatasi moja yenye orodha ya akaunti zote, bila namba za siri, iwe kwa mtu unayemwamini. Mtu akifariki ugenini, familia isiyojua kama kulikuwa na vipande au hatifungani haitavidai kamwe.

Siku 90 kabla ya mkataba kuisha, lipa kadi ya mkopo yote, ifunge, chukua barua ya benki inayosema hudaiwi. Deni lililoachwa linaweza kukusimamisha uwanja wa ndege au kukuzuia usirudi tena. Karatasi ya kukiri kwamba umepokea haki zako zote usiisaini kabla pesa haijaingia. Falme za Kiarabu mwajiri ana siku 14 baada ya mkataba kuisha. Saudia ni wiki 1, au wiki 2 ikiwa wewe ndiye uliyevunja. Na kabla laini ya kule haijakatwa, chukua taarifa ya benki ya miezi 12 yenye muhuri. Utaombwa hiyo na benki ya nyumbani siku utakapoingiza kiinua mgongo na kuulizwa pesa imetoka wapi.